Nanoselulosi kwenye chakula na vifungashio: jinsi usalama wake unavyopimwa

Mwaka 2016 zilizuka taharuki mbili za chakula ambazo zilikuwa ndugu, ingawa wachache waliuona undugu wao. Mwezi wa Februari Wamarekani walisoma katika habari kwamba jibini iliyokunwa na kuuzwa makoponi hutiwa selulosi, yaani kitu kile kile kinachotengenezea karatasi, na kwa siku kadhaa watu wakalalamika kwamba wamekuwa wakilishwa mbao. Mwezi wa Desemba maofisa wa forodha wa Nigeria walikamata magunia ya mchele mjini Lagos wakiamini kuwa ni wa plastiki. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilipoupima ikakuta ni mchele halisi, ila umechafuliwa na vijidudu kupita kiwango kinachokubalika. Uvumi wa mchele wa plastiki ulifika pia Afrika Mashariki, na mpaka leo haujazimika. Katika matukio yote mawili watu waliuliza, “Hiki ni kitu gani?”, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Swali la pili, lile la kitu hicho kina umbo gani, kiko kiasi gani na kinaingia mwilini kwa njia ipi, halikupata nafasi.

Ninaandika makala haya kwa sababu swali hilo la pili litahitajika sana. Neno nanoselulosi, yaani selulosi iliyogawanywa kuwa nyuzi au vipande vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, limeanza kusikika katika habari za vifungashio visivyo vya plastiki, za mipako inayochelewesha matunda kuoza na za vyakula vyenye mafuta kidogo, na tayari limewagawa wasikilizaji makundi mawili: wanaosema kwamba huo ni mti tu, kwa hiyo hauna neno, na wanaosikia “nano” wakadhani ni vidude vya kompyuta vinavyotiwa mwilini. Makundi yote mawili yanakosea, na kila moja lina kosa lake linalostahili kuelezwa polepole.

Selulosi ni nini

Aliyewahi kutafuna muwa anaijua selulosi hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Utamu ukiisha, kinywani yanabaki makapi makavu yenye nyuzi, ambayo hata ukiyatafuna saa nzima hayayeyuki, ndipo unayatema. Sehemu kubwa ya makapi hayo ni selulosi. Ndiyo inayousimamisha mhindi shambani, ndiyo inayoupa mkonge nguvu ya kuwa kamba, ndiyo karibu pamba yote ya kanga uliyovaa, na ndiyo karatasi ya daftari la mtoto. Mkemia Mfaransa Anselme Payen aliitenga kutoka kwenye mimea mwaka 1838, na tangu hapo imejulikana kuwa hakuna kitu cha asili ya uhai kilicho kingi kuipita duniani.

Selulosi na wanga wa ugali vimejengwa kwa tofali moja, yaani glukosi. Tofauti yao iko katika namna tofali hizo zilivyoshikana. Katika wanga zimeungana kwa kiungo ambacho vimeng'enya vya mate na vya utumbo wetu vinaweza kukikata, ndiyo maana ukiutafuna muhogo kwa muda unaanza kuhisi utamu. Katika selulosi kila tofali limegeuzwa dhidi ya jirani yake, mnyororo ukanyooka, na minyororo mingi ikalala ubavu kwa ubavu na kubanana. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kukata kiungo hicho. Ng'ombe naye hana. Amewapa makazi tumboni vijidudu wanaomfanyia kazi hiyo. Kwetu sisi selulosi hupita tumboni bila kumeng'enywa, na huko chini, kwenye utumbo mpana, bakteria huila kiasi kidogo. Hizo ndizo nyuzinyuzi ambazo wataalamu wa lishe hutuhimiza tuzile kwa wingi kupitia mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa.

Kwa hiyo aliyeshtuka kusikia selulosi imo ndani ya jibini alikuwa ameila maisha yake yote. Imo pia katika vidonge vingi vya dawa, kwa sababu selulosi iliyosagwa na kusafishwa hukishika kidonge kisivunjike, na kwenye orodha za viambato vya chakula hutambuliwa kwa namba E460. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliipitia upya mwaka 2018 na kuona kwamba hakuna haja ya kuiwekea kiwango cha juu cha kula kwa siku. Kama kuna lawama katika jibini, ni pale mnunuzi anapouziwa selulosi nyingi kwa bei ya jibini. Huo ni udanganyifu wa biashara, na dawa yake ni mizani na sheria. Haugeuki kuwa sumu kwa kuwa umetuudhi.

Kutoka kumbi hadi nano

Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo elfu themanini, na wataalamu wanaposema “nano” kwa kawaida wanamaanisha kitu ambacho angalau upande wake mmoja uko kati ya nanomita 1 na 100. Ni kipimo cha ukubwa, kama vile “dogo” na “kubwa”, na peke yake hakisemi kitu hicho kimetengenezwa kwa nini.

Namna selulosi inavyofikishwa kwenye ukubwa huo inaeleweka vizuri zaidi kwa aliyewahi kutembea ufukweni mwa vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Jambiani au Bwejuu, maji yakiwa yamekupwa. Kinamama hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, wakayagandamiza kwa mawe na kuyaacha kwa miezi mingi. Yakifukuliwa yananuka, yamelainika na yamekuwa meusi. Hapo hupigwa kwa mti, pigo baada ya pigo, mpaka ile nyama ya kahawia iliyokuwa imezigandisha nyuzi inatoka na kusombwa na maji, na mkononi unabaki usumba mtupu, tayari kusokotwa kamba. Kumbi ambalo lilikuwa gumu kama gome limefunguka likawa nyuzi mia kwa mia, na hakuna kilichoumbwa upya. Nyuzi zilikuwamo tangu mwanzo.

Viwanda vya nanoselulosi vinaendeleza kazi hiyo hiyo hatua nyingi mbele. Uzi mmoja wa mti unaouona kwa jicho nao ni fungu la nyuzi ndogo zaidi, na hizo ni mafungu ya nyuzi ndogo zaidi tena, mpaka unafika kwenye nyuzi nyembamba kabisa ambazo mmea wenyewe huzijenga, zenye unene wa nanomita chache. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kundi la watafiti wa kampuni moja ya Marekani, akiwamo Albin Turbak, lilipitisha rojo ya mbao kwenye mashine ya kusawazisha maziwa, ile inayoyasukuma kwa shinikizo kubwa kupitia tundu jembamba ili mafuta yasijitenge. Ilipotoka haikuwa rojo tena. Ilikuwa ute mzito, unaong'aa, mfano wa uji wa wanga uliopoa, ingawa karibu wote ulikuwa maji. Aina hiyo huitwa nyuzi nano za selulosi.

Aina ya pili ni fuwele nano. Hizi hupatikana kwa asidi kali, mara nyingi ya salfuriki, ambayo hula sehemu legelege za uzi na kuziacha zile zilizobanana, zikabaki vipande vifupi na vigumu vyenye umbo la punje ya mchele wa basmati, urefu wa nanomita mia moja hadi mia mbili na ushei. Msweden Bengt Rånby alizieleza karibu na mwaka 1950. Aina ya tatu haitoki kwenye mti kabisa: bakteria fulani, waliochunguzwa na Mwingereza Adrian Brown mwaka 1886, husuka selulosi nano wenyewe juu ya kimiminika kitamu. Wafilipino hutumia bakteria hao kugandisha maji ya nazi, wakapata chakula cheupe cha kutafuna kiitwacho nata de coco, ambacho watu wamekula kwa vizazi kama kitamutamu cha kawaida. Ninaitaja nata de coco kwa sababu inaondoa ile dhana kwamba hakuna mtu aliyewahi kula nanoselulosi. Lakini pia ninaonya kwamba bonge la nata lililosukwa kama mkeka haliwezi kuchukuliwa kuwa sawa na fuwele zilizotawanyika moja moja ndani ya kinywaji.

Kwa nini udogo unabadilisha mambo

Chukua bonge la sukari guru na kijiko cha sukari ya unga vyenye uzito mmoja, ukavitia kwenye vikombe viwili vya chai. Ya unga inatoweka mara moja, guru linachukua muda. Utamu ni ule ule. Kilichobadilika ni eneo la sukari linaloguswa na maji. Sasa fikiria mchemraba wa sentimita moja kila upande, ambao nyuso zake zote zikijumlishwa ni sentimita sita za mraba. Ukiukata wote kuwa michemraba ya nanomita moja moja, nyuso zake zikijumlishwa zinafika mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa mpira, kutoka kitu kilichokuwa kinaingia kati ya vidole viwili.

Uso huo mkubwa ndio manufaa ya nanoselulosi, na ndio pia sababu ya kuipima upya. Kwa sababu ya uso huo, kijiko kidogo cha nyuzi nano hushika maji mengi na kuzifanya mchuzi, aiskrimu au mayonezi vizito bila kuongeza mafuta. Nyuzi hizo zikikaushwa kuwa utando, hubanana kiasi kwamba oksijeni hupita kwa taabu, na chakula kilichofungwa ndani hakichachi haraka. Uswisi, taasisi ya utafiti ya Empa ilitengeneza mpako wa selulosi nano kutoka mabaki ya karoti zilizokamuliwa, na ndizi zilizopakwa zikakaa zaidi ya wiki moja kupita zile ambazo hazikupakwa. Hata hivyo uso ule ule unaoshika maji na kuzuia hewa unaweza pia kushika vitu vingine tumboni, na kitu chembamba namna ile kinaweza kufika mahali ambapo kipande kikubwa hakifiki. Ndiyo maana idhini ya E460 ya kawaida haiwezi kukopeshwa nanoselulosi kama mtu anavyokopeshwa kanzu ya harusi. Inabidi ishonewe yake.

Wanaoiogopa nano nao wana mfano halali mkononi. Titani dioksidi, unga mweupe uliokuwa ukitiwa kwenye peremende na bazoka kwa namba E171, ulikubalika Ulaya kwa miongo kadhaa. Mei 2021 mamlaka ile ile ya Ulaya ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama, kwa kuwa haikuwezekana kuondoa shaka kwamba chembe zake huharibu vinasaba, na mwaka 2022 ikapigwa marufuku kwenye vyakula vya Umoja wa Ulaya. Somo la E171 ni kubwa, lakini ni somo kuhusu madini fulani, ambayo hayaozi na yanaweza kulimbikizana mwilini. Kulihamishia kwenye selulosi kwa sababu tu vyote viwili ni vidogo ni kama kumkamata mtu kwa kuwa ana urefu sawa na mwizi. Maziwa mabichi ya ng'ombe yamejaa vifungu vya protini vyenye ukubwa wa mamia machache ya nanomita na hata chini yake, na hakuna aliyevitia humo isipokuwa ng'ombe mwenyewe.

Ikiliwa

Ushahidi tulio nao kuhusu kula unatuliza, na nitausema kwa mipaka yake. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020, panya wa maabara walilishwa kwa siku 90 chakula ambacho hadi asilimia 4 yake ilikuwa nyuzi nano, na haikuonekana dhara lililotokana nazo hata kwa kiwango hicho cha juu. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wamewanywesha panya nyuzi nano mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki tano, wakapima damu na kuchunguza viungo, wala hawakukuta tofauti ya maana na panya wengine. Siku tisini katika maisha ya panya ni muda mrefu unaokubalika kimataifa kwa uchunguzi wa aina hiyo, ingawa hauwezi kusimama badala ya mtu anayekula kitu kwa miaka arobaini.

Lipo swali ambalo wasomaji huliuliza sana: je, nyuzi hizo hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu? Zinavimba na kushikamana zikiwa na maji, zinanaswa na ute wa utumbo, na majaribio hayaonyeshi kwamba zinapenya kwa wingi. Kulithibitisha jambo hilo hadi kwenye chembe ya mwisho ni kazi ngumu kuliko ilivyokuwa kwa titani, kwa sababu iliyo rahisi kueleweka. Titani ikiwa kwenye ini inaonekana, kwa kuwa ini halina titani. Selulosi imejengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni, na mwili nao umejengwa kwa hivyo hivyo. Kuitafuta ni kama kutafuta maji ya kisima fulani ndani ya mchuzi uliokwisha iva.

Jambo linalonishughulisha mimi zaidi ya kupenya ni lile la kunasa. Mwaka 2018 kundi lile lile la Harvard lilionyesha kwamba panya waliopewa krimu iliyochanganywa na nyuzi nano walikuwa na mafuta pungufu kwenye damu baada ya saa moja, kwa takriban theluthi moja, wakilinganishwa na waliopewa krimu tupu. Nyuzi huyakusanya matone ya mafuta na kuvizuia vimeng'enya visiyafikie vizuri. Kwa mtu mzima anayepambana na unene hiyo ni habari njema, na ndivyo ilivyotangazwa. Lakini vitamini A, D, E na K husafiri ndani ya mafuta. Mtoto wa miaka miwili ambaye mlo wake una mafuta ya kubahatisha, kijiko kimoja cha alizeti kwenye mboga, hana mafuta ya kupoteza wala vitamini A ya kupoteza. Kiambato kilichopimwa kwa kumfikiria mlaji wa Boston kinapaswa kupimwa tena kwa kumfikiria mtoto huyu, kabla hakijatiwa kwenye biskuti za bei nafuu au unga wa uji wa watoto, na ningependa kuona mamlaka zetu za viwango zikilidai hilo kwa maandishi. Tanzania, ambako tangu mwaka 2019 kazi ya usalama wa chakula iko chini ya Shirika la Viwango, mahali pa kuuliza panajulikana.

Kuna pia suala la usafi wa kilichotengenezwa. Fuwele zilizotokana na asidi hubaki na alama za salfa kwenye uso wake. Nyuzi za njia iliyoendelezwa na Akira Isogai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo, ambayo huzioksidisha kwanza ili zifunguke bila nguvu nyingi, zina uso wa aina nyingine kabisa. Kwa hiyo anayesema “nanoselulosi ni salama” au “nanoselulosi ni hatari” hajamaliza sentensi. Inabidi aseme ni ipi, imetengenezwa vipi, imeoshwa mpaka wapi. Ulaya imelichukua hili kwa uzito: kiambato kilichotengenezwa makusudi kwa ukubwa wa nano lazima kiandikwe hivyo kwenye orodha ya viambato, na nanoselulosi ya kula inahitaji kutathminiwa kama chakula kipya. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, ilisema haihukumu teknolojia nzima kuwa salama au hatari, bali hutazama kila bidhaa kwa matumizi yake.

“Ni ya asili, haina neno”

Hapa ndipo kundi la kwanza, lile la wanaosema huo ni mti tu, linapopotea. Asbesto, iliyotumika kuezeka majengo mengi ya umma, ni ya asili, huchimbwa ardhini. Sumukuvu inayozalishwa na fangasi kwenye mahindi na karanga ni ya asili, na mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya katika mlipuko mmoja. Muhogo mchungu ni wa asili, na bibi zetu waliulowanisha na kuuanika kwa sababu walijua kilichomo. Asili ya kitu inaeleza kimetoka wapi, basi.

Asbesto inatufundisha zaidi, kwa sababu ubaya wake umo katika umbo. Nyuzi zake ni nyembamba na ndefu, haziyeyuki, na zikishaingia ndani kabisa ya mapafu seli za kinga haziwezi kuzimeza wala kuzitoa. Anayesoma maelezo hayo na kukumbuka nyuzi nano anaona mara moja kwa nini wataalamu wa afya kazini walishtuka. Mapafu ya binadamu, kama utumbo wake, hayana kimeng'enya cha kukata selulosi. Watafiti wa taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi waliwapelekea panya wadogo fuwele nano mapafuni mwaka 2014 wakaona uvimbe wa tishu, yaani mapafu yakipambana na mgeni, na tafiti nyingine zilizofuata Ulaya na Marekani zimeona mambo yanayoelekea huko, kwa ukali unaotofautiana kulingana na aina na kiasi. Nyuzi hizi ni laini kuliko asbesto na hupenda kushikamana, na hakuna ushahidi kwamba zinaleta saratani ya asbesto kwa binadamu. Lakini mtu anayemimina unga wake mkavu bila barakoa hana sababu ya kujifariji kwa neno “mti”.

Afrika Mashariki hatuna haja ya kulisoma jambo hili katika vitabu vya wageni. Vumbi la pamba limejulikana tangu zamani kuleta ugonjwa wa kubanwa kifua kwa wafanyakazi wa viwanda vya nyuzi, hasa wanaporudi kazini baada ya mapumziko. Watafiti waliowapima wafanyakazi wa mkonge Tanzania walikuta kikohozi na matatizo ya kifua, hasa kwa wale wa kitengo cha brashi, ambako singa kavu hupigwa mpaka hewa inakuwa nyeupe. Sehemu ya madhara ya vumbi la pamba inatokana na mabaki ya bakteria yanayoshikamana na nyuzi. Nanoselulosi, inayotengenezwa kwa maji mengi na kukaa ndani yake, inaweza kubeba mabaki ya aina hiyo hiyo, na kiwanda kisichoyapima hakijui kinachouza.

Kwenye vifungashio

Mlaji wa kawaida atakutana na nanoselulosi kwenye kifungashio kabla hajakutana nayo ndani ya chakula. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019, na tangu hapo kila mfanyabiashara wa soko anajua ugumu wa kupata kitu kinachozuia unyevu, mafuta na hewa kama plastiki ilivyofanya. Karatasi peke yake haiwezi. Kwa miaka mingi viwanda vya nje viliifanya karatasi isipitishe mafuta kwa kuipaka kemikali za kundi la PFAS, zile zisizooza katika mazingira, na Februari 2024 mamlaka ya chakula ya Marekani ilitangaza kwamba kemikali hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena nchini humo kwa karatasi za chakula. Nanoselulosi ni mmoja wa warithi wanaotarajiwa, na kwa upande huo naiona kama nafuu ya kweli.

Katika kifungashio swali la usalama ni moja: ni nini kinachohama kutoka kwenye ukuta kwenda kwenye chakula? Nyuzi zilizosukwa na kukaushwa zimeshikana kwa nguvu, na hata zikibanduka chache zinaingia tumboni, mahali ambapo ushahidi wake ni mzuri. Wasiwasi wangu uko kwa abiria wake. Selulosi hupenda maji, na utando wake ukilowa huvimba na kuacha kuzuia oksijeni, hivyo mtengenezaji hulazimika kuufunika kwa tabaka la plastiki au nta, au kuubadilisha kwa kemikali. Wengine huutia chembe nano za fedha au za zinki ili ziue bakteria. Jina la mbele la bidhaa litakuwa selulosi, litakuwa na picha ya jani la kijani, na kinachohitaji kupimwa kitakuwa kile kilichofuatana nayo. Neno “inaoza” nalo hutegemea abiria hao hao, kwani kikombe cha karatasi kilichopakwa plastiki ndani hakiozi chote.

Na tulinganishe na tulivyo sasa. Karanga zinazofungwa kwenye kipande cha gazeti, chipsi zenye mafuta ya moto zinazomwagwa juu ya karatasi iliyochapwa wino: hapo wino na mafuta ya madini yanaingia kwenye chakula kila siku. Atakayekataa kifungashio cha nanoselulosi kilichopimwa vizuri, kisha akanunua sambusa kwenye ukurasa wa michezo, amechagua hatari kubwa kwa kuikimbia ndogo.

Limebaki la uzalishaji. Jani la mkonge hutoa kamba kwa takriban asilimia 4 tu ya uzito wake, mengine hutupwa, na makapi ya miwa na migomba iliyokatwa hatuna upungufu nayo. Malighafi ya nanoselulosi iko Tanga, Kilombero na Bukoba kabla ya kuagizwa popote. Nanoselulosi ikitoka kiwandani huwa ute ambao kwa kawaida zaidi ya asilimia 90 ni maji, na ikiwa katika hali hiyo hairuki hewani wala haimdhuru anayeishika. Lakini kusafirisha maji ni gharama, na mnunuzi wa mbali hutaka unga mkavu, ambao hukaushwa, husagwa, hutiwa magunia na hufunguliwa tena na kibarua anayeumimina kwenye pipa la kuchanganyia. Mkataba wa kiwanda cha aina hiyo utakapoandikwa, kifungu cha kuusoma kwanza ni kile kinachosema bidhaa itatoka mbichi au kavu, na kama itatoka kavu, nani atanunua vipumulio na feni za kunyonya vumbi.